Msiba Juu ya Kichwa cha Octave

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia samaki kabla ya kulisoma, sikulaumu. Hata mimi nimekwisha kufanya hivyo. Sogea karibu, nikurudishe pale tulipoachana.

Mimi ni Sikujua, bibi ya Octave, karani wa ghala kule bandarini. Mtoto wetu Léon ana miezi minne. Nilikuambia jinsi nilivyochukua mkasi wangu wa kushonea nikataka kumtia mume wangu raie, ule mstari wa upande ambao makarani wa mjini hupenda kuutembeza kichwani. Mstari wangu ulianza vizuri juu ya jicho la kushoto, ukapotea katikati, ukaja kutokea nyuma ya sikio la kulia. Ofisini wakaupa jina: barabara ya Buta, ile isiyojua kunyooka.

Nilikuambia pia hukumu ya Papa Assumani, kinyozi wetu. Alikipapasa kichwa kile kama mtu anayechagua papai, akakinyoa chote, kisha akanyoosha kidole.

"Octave, usiguse tena. Wiki saba. Hata kitana kiende polepole. Wiki ya saba, siku ya mposho, unaniletea hiki kichwa. Nitakutilia raie ya kunyooka, padri mwenyewe atasahau sala."

Kwa nini padri? Kwa sababu siku ya mposho, ya mgao wa chakula, ni Jumamosi, na kesho yake, Jumapili, ndiyo siku ya ubatizo wa Léon. Na baada ya ubatizo, picha: sisi watatu mbele ya mpiga picha, kwa mara ya kwanza.

Basi Octave akafuga nywele. Na nywele, kabla ya kuwa ndefu, hupita katika umri wa ujinga kama vijana. Wiki ya nne zilisimama pembeni na kulala katikati. Wiki ya tano zikabadili: zikasimama katikati, na za pembeni zikachungulia chini ya kofia kama majani ya sombe yaliyozidi sufuria.

Mtaa mzima ukapata kazi.

"Octave! Hiyo kuku inatagia wapi, mbele ao nyuma?"

"Octave, mvua inakuja, anika kichwa ndani!"

Mwisho nikakuungamia jambo moja. Siku ile kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake kumi na ndoo zao, jirani yangu Mama Clothilde aliniuliza kama mume wangu amerukwa na akili. Ningejibu tu kwamba anafuga nywele za picha. Niliona haya. Nikainamisha macho, nikasema: "Iko na msiba."

Hapa kwetu mwanaume aliyefiwa haguswi na wembe mpaka siku ya kumaliza matanga. Kila mtu anajua. Ndoo kumi zikatuliwa chini.

"Nani amekufa?"

Nikamwua mjomba wangu, tonton Jafari.

"Tonton yangu, wa Ponthierville. Njo alinilea."

Kweli alinilea. Kweli yuko Ponthierville, na katika mtaa wetu hakuna aliyewahi kumwona. Kufa tu ndiko kulikokosa ukweli.

Sasa sikiliza kilichofuata.

*

Jumatatu asubuhi sijamaliza kumnyonyesha Léon, Mama Clothilde akaingia bila kubisha. Kichwani sufuria, mkononi sufuria nyingine.

"Usipike," akasema. "Mufiwa hapiki."

Akafunua. Ya kwanza lituma, ya moto bado, ndizi zimepondwa mpaka zinang'aa. Ya pili samaki wa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko, mkubwa, amejikunja kwa sababu sufuria haikumtosha.

"Mama Clothilde, hapana, hii ni nyingi..."

"Nyamaza. Kula. Uko na mutoto ku ziwa. Tonton yako amekufa, unataka na maziwa ikufe?"

Ungamo ni ungamo, kwa hiyo sitakuficha. Nilikula. Nilikula hata kichwa cha samaki, nikafyonza na macho.

Saa nane akaja mwingine na mbinzo, viwavi vyetu, zilizokaangwa. Jioni kwanga tatu, mikate ya muhogo. Wa kuleta kwanga akanishika bega, akalia kidogo. Na mimi nikalia. Nilikuwa na sababu yangu ya kulia, ila haikuwa ile aliyoifikiria.

Saa kumi na moja kengele ya baiskeli ikalia uani. Octave. Kofia yake haikuwa kichwani. Alikuwa ameifunga nyuma ya baiskeli kama mzigo.

"Sikujua! Leo hakuna mutu ameniceka!"

"Hakuna?"

"Hata moja! Papa Basile, mume wa Mama Clothilde, yule njo alikuwa bingwa ya kuniceka. Leo amenipa mukono. Mikono mbili yote! Ameniangalia kichwa, akanyamaza."

Nikatazama chini.

"Kule kazini Zuberi ameniambia: courage, ndugu. Nikamujibu: courage iko, imebaki wiki moja tu. Akatikisa kichwa namna ya heshima. Na Mundele, ule muzungu wa ofisi, unakumbuka alisema hii nywele ikatwe? Zuberi amemunong'oneza kitu ku sikio, na yeye akasema: bon, mpaka siku ya mposho."

Akachukua kioo kidogo ukutani. Akajigeuza huku, akajigeuza kule. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimelala kama mgonjwa, upande wa kushoto zimesimama kama mashahidi.

"Zimeanza kukaa," akasema polepole. "Si nilikuambia? Nywele ni sawa mutoto. Unavumilia kilio yake, siku moja anakucekea."

Akanitazama katika kioo. Uso wake ulikuwa umefunguka kama siku ile aliponiomba niwe bibi yake.

Wewe ungesema nini?

"Zimekaa," nikasema.

*

Kuanzia siku ile kofia ilibaki kwenye msumari.

Octave alitembea kichwa wazi mtaa mzima, tangu kwetu mpaka bomba, tangu bomba mpaka soko. Alisalimia wakubwa, alisalimia watoto. Kila aliyemtazama kichwani, Octave alimpa tabasamu, kama mtu anayesema: umeona, eh?

Na watu wakanong'ona: "Masikini, anajikaza."

"Anaceka nje, ndani analia."

"Na si tonton yake! Tonton ya bibi!"

Hilo la mwisho ndilo lililowasha moto. Wanawake wa bomba walirudi nyumbani nalo, kila mmoja akamtazama mume wake upya, kuanzia kichwani.

Ua wetu na ua wa Mama Clothilde umetenganishwa na matete tu. Jumanne jioni nilikuwa naanua nepi, nikasikia.

"Basile. Mama yangu alipokufaka, weye ulinyoa siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu!"

"Nilikuwa na chawa, Clothilde."

"Octave iko na wiki sita! Sita! Juu ya tonton ya bibi yake! Mutu hata hakumuonaka! Na haipigii kelele, analia na kichwa, kimya. Ile njo mwanaume."

"Ile njo mujinga."

"Eh? Rudia."

Papa Basile hakurudia. Lakini Jumatano asubuhi nilimwona akikunja mkeka wake barazani, na shingo yake haikugeuka vizuri. Hakuwa peke yake. Mtaani nilihesabu wanaume watatu wenye shingo namna ile.

Nikajua tumefika pabaya.

*

Alhamisi, Octave ametoka kazini. Amekaa kwenye kiti uani, Léon magotini, anamwimbia maneno yasiyo na maana. Papa Basile akaingia. Hakukaa.

"Octave, miye na weye tuko majirani miaka ngapi?"

"Ine, papa."

"Nilikukosea siku moja?"

"Hata siku moja, papa."

"Alors juu ya nini unavunja nyumba yangu na nywele?"

Octave akashika kichwa chake. Nakuapia, aliona raha. Alidhani ni wivu.

"Papa Basile, kila mutu anaweza. Ni kuvumilia tu. Asubuhi unapaka mafuta ya kichikichi, kidogo, na kidole. Usiku unafunga kitambaa..."

"Mafuta? Weye unapakaka msiba mafuta?"

"Msiba gani?"

Nepi iliyokuwa mkononi mwangu ilianguka mchangani.

"Msiba gani! Msiba ya tonton ya bibi yako! Jafari ya Ponthierville! Mtaa mzima inakula pole yake, bibi yangu haniongeleshi, na weye unaniuliza msiba gani?"

Octave akageuza kichwa, akanitazama. Léon akapatwa na kwikwi, mara moja, mara mbili.

Hapo mume wangu angeweza kunimaliza kwa neno moja.

"Aa," akasema. "Ile msiba."

"Ndiyo, ile."

"Njo vile, papa. Iko nzito. Siku zingine ninaisahau."

Papa Basile akalegea. Mtu mwema yule, hasira yake haikai kwenye miguu. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka mkono juu ya goti la Octave.

"Bon. Usijali. Inaisha siku ya mposho. Batu wamekubaliana. Huwezi kubatiza mutoto na msiba ku kichwa, na Clothilde njo marraine, mama ya ubatizo ya mutoto, hataki kuingia kanisani na matanga ya watu. Yeye anapika. Assumani analeta wembe. Tunakunyoa, tunakuosha, Jumapili unaingia safi."

"Munaninyoa... mustari?"

"Mustari gani? Kichwa yote, Octave. Sawa yai."

*

Papa Basile alipotoka, Octave aliinuka. Alimweka Léon kwenye mkeka. Aliingia ndani. Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya kioo.

Nilingoja aniite mwongo. Nilingoja aulize nilipata wapi roho ya kumzika mtu mzima.

"Donc," akasema, "nywele haijakaa."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Haijakaa," nikasema.

"Batu walikuwa wananihurumia."

"Ndiyo."

"Na miye nilikuwa ninawacekea. Wiki nzima. Mufiwa anaceka sawa mwenye harusi." Akachukua kofia kwenye msumari, akaivaa, humo humo ndani ya nyumba.

Nikamweleza yote: bomba, ndoo, macho ya wale wanawake. Nikamwambia sasa hivi naenda kwa Mama Clothilde kusema kweli, ili Jumamosi Papa Assumani atie raie aliyoiahidi na picha ipigwe kama tulivyotaka.

"Umekula samaki yake?"

"Nimekula."

"Kichwa pia?"

"Kichwa pia."

"Alors huwezi."

Alikuwa na haki. Uongo wa kawaida watu huucheka na kuusahau. Uongo wa msiba ni mwingine: walionililia wangedai machozi yao. Mama Clothilde angekataa kumshika Léon mbele ya padri, na ni nani mtaani angekubali kumshika baada yake?

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo sikuliandika katika wiki zote hizi.

Léon si wa kwanza. Kabla yake alikuwepo Claudine. Alikaa nasi miezi saba. Octave husema alikuwa na pua yangu, mimi husema ilikuwa pua yake, na hakuna karatasi ya kutuamua. Hatukumpiga picha. Tulisema atangoja, atakua, atavaa viatu kwanza.

Ndiyo maana picha hii.

Octave akavua kofia, akakaa kitandani.

"Ile mara ya Claudine," akasema, "siku ya ine walinitumia habari kutoka ofisi: karani hakai na kichwa ya namna ile. Nikanyoa. Mbio mbio, na wembe ya kuazima, hata Assumani sikumungoja. Niliona haya ya mutoto wangu, Sikujua. Siku ine tu."

Nikakaa kando yake.

"Hii mara nilipoanza kufuga nilisema ni juu ya picha. Na ni juu ya picha, ya kweli. Lakini asubuhi, mbele ya hiki kioo, nilikuwa ninagawanya: zile za mbele za Léon, zile za nyuma za dada yake." Akanitazama. "Donc msiba ulikuwako. Weye uliweka tu jina ya mutu mwingine juu yake. Waache waninyoe. Walilia na sisi, tutawarudishia kichwa."

"Na picha?"

"Picha itapigwa. Léon hana nywele, miye sina nywele. Batu watasema: hakika, huyu ni mutoto yake."

Nikacheka na kulia kwa mdomo mmoja. Yeye akanisukuma bega.

"Lakini ile mafuta ya kichikichi, Sikujua! Wiki saba! Ungeniambia mapema, tungekaangia mbinzo."

*

Ijumaa yote nilifua nguo za ubatizo, na mawazo yalifua pamoja nami.

Mume wangu anatoa kichwa chake kwa ajili ya mdomo wangu. Mara ya kwanza niliharibu nywele zake kwa mkasi, na sasa naziharibu kwa ulimi. Kila nilipokamua shati lake jeupe niliiona ile picha: mtoto, mimi, na Octave mwenye raie iliyonyooka na uso ule wa Jumatatu. Picha moja, na Mungu anajua nyingine itapigwa lini.

Nikakata shauri. Kama yeye anatoa kichwa, mimi nitatoa uso.

Jumamosi uani petu palijaa. Mikeka imetandikwa, sufuria zinachemka kwa Mama Clothilde na moshi unapita katika matete. Wanawake wote kumi wa bomba walikuwepo. Wanaume wenye shingo ngumu walikaa pamoja, wakimtazama Octave kama watu wanaongoja mzigo wao ushushwe.

Octave alikaa kwenye kiti katikati, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Papa Assumani akanoa wembe kwenye mkanda, shwa, shwa. Akalowesha nywele kwa maji. Akapitisha kitana mara moja.

Akasimama.

Mimi nilikuwa karibu, Léon mikononi, nikasikia.

"Octave," akanong'ona, "nywele imekuwa muzuri. Wiki saba kamili. Imekubali kitana. Leo njo siku yake, leo kabisa..."

Unaona mambo? Umri wa ujinga ulikuwa umeisha usiku uleule kabla ya wembe.

"Papa Assumani, fanya kazi yako."

"Nianzie wapi?"

"Kushoto."

Wembe ukagusa juu ya jicho la kushoto. Ukaenda nyuma, polepole, bila kutetemeka, mpaka utosini. Ukainuka.

Papa Assumani akarudi hatua moja, kama afanyavyo fundi yeyote bila kujua. Na sisi sote tukaona.

Ilikuwa raie. Nyembamba, imenyooka kama kamba ya fundi wa nyumba. Huku nywele zimelala, kule nywele zimepanda, na uso wa Octave chini yake umekuwa uso wa mtu anayestahili kupigwa picha. Hata Papa Basile alifungua mdomo. Lakini msibani hakuna anayesifu uzuri. Akaufunga.

Papa Assumani akahema, akainua wembe kwa mkato wa pili.

"Ngojeni!"

Sauti ilikuwa yangu.

Watu wote wakageuka. Mama Clothilde, aliyekuwa anakuja na sahani, akawafanyia ishara ya mkono. "Mumuache alie. Ni tonton yake."

"Mama Clothilde, silii." Nikasogea hatua moja. "Niko na neno. Juu ya ile samaki..."

"Samaki ilikuwa na nini?"

Octave alitikisa kichwa kidogo chini ya kitambaa: hapana, Sikujua, hapana. Nikaiangalia ile raie. Nikavuta pumzi.

"Juu ya msiba..."

Na hapo, nje ya matete, kilio kikapasuka.

"Yoooo! Octave yooo! Bokilo yangu, mukwe wangu yooo! Umemuachia nani huyu mutoto!"

Mtu mmoja akaingia mbio, sanduku la mbao begani, mfuko wa mchele mkononi, viatu vyekundu kwa udongo wa njia. Akatupa sanduku. Akajitupa na yeye, kifudifudi, katikati ya mikeka, akapiga ardhi kwa viganja.

"Wamenifikishia habari ku gare ya Ponthierville! Msiba kwa Octave, msiba kwa Octave! Nikapanda treni ya kwanza, nikavuka mto! Octave yooo! Kijana muzuri namna ile, sijamuona hata na macho!"

Yule mtu akainua kichwa apate nguvu ya kulia tena. Akaona kiti. Akaona kitambaa cheupe. Akaona mtu ndani ya kitambaa, maji yanamtiririka shingoni, anamtazama.

"Huyu... njo wanamutayarisha akiwa amekaa?"

"Niko muzima, papa," Octave akasema kwa adabu.

"Weye ni nani?"

"Octave."

Mzee akafuta machozi upande mmoja, upande wa pili akauacha.

Mama Clothilde akainama, akamshika mkono ili amwinue. "Pole, papa, pole. Wamekuharibia habari ku njia. Hajafa yeye. Aliyekufa ni tonton ya bibi yake. Weye uko nani wa hapa?"

"Tonton gani ya bibi yake?" Mzee akasimama, akapangusa magoti. "Tonton ya Sikujua ni miye. Jafari."

Siku zote mtaani petu kuna kelele, baiskeli, redio, mchi. Saa ile nililisikia poromoko la mto Tshopo, mbali kule, likianguka peke yake.

Papa Basile alikaa juu ya sufuria iliyofunikwa. Haikuwa baridi, akaruka.

Mama Clothilde hakumwangalia Jafari tena. Hakumwangalia Octave. Aliitazama sahani mkononi mwake. Alikuwa ameniletea kichwa cha samaki, kwa kuwa Jumatatu aliona nilikipenda. Akaiweka chini polepole. Akafuta mikono kwenye kitenge chake. Akaja mpaka mbele yangu, akamchukua Léon mikononi mwangu, akamlaza begani kwake.

"Sikujua," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Batu wote wa bomba wako hapa. Na huyu mutoto kesho unataka nimushike mbele ya Mungu. Sema."

Nyuma yake, Papa Assumani bado alikuwa ameinua wembe hewani. Nikamsikia akiinama kwenye sikio la Octave.

"Niendelee, ao niachie hapa?"

"Ngoja, papa," mume wangu akasema. "Tumusikilize bibi yangu kwanza."